Boliti Nne

Msibani Pongwe walisema: ajali haina kinga.
Nikainamia sinia la wali.
Hii ilikuwa nayo.
Bati pana, boliti nne, spana namba kumi na saba,
na aliyezifungua ni mimi, Jumanne, kabla ya king'ora cha pili,
kwa kuwa mnyapara alisema kinga inachelewesha majani
na meli ya mkonge haingoji mtu.

Korona haina hasira. Inakula jani,
inatema singa huku, maji ya kijani kule.
Alhamisi ilikula mkono wa Singano hadi begani.
Toka Pongwe hadi Bombo si mbali,
ila damu haikungoja lori lipishe.

Padre Mhina alikuja, kanzu ina vumbi la reli.
Akasema Mungu aliumba vyote pasipo kitu,
ila shari hakuiumba, aliiruhusu tu;
shari yenyewe si kitu, ni kama giza,
ni pale mwanga ulipopungua.
Nikasema: Padre, lile tundu nililoacha kwenye mtambo
nalo si kitu.
Ni pale bati lilipopungua.
Akatazama viatu vyake. Ni mtu mwema,
alikaa nasi hadi taa ikaisha mafuta.

Wiki iliyofuata wakaja vijana wawili, mashati meupe,
vibao vya majina kifuani.
Mmoja wa Lubumbashi, jina Ilunga. Wanamwita Mzee
na ndevu hazijamwota.
Akasema: hapana kuumba, baba. Kuunda.
Vitu vilikuwapo tangu na tangu,
hata roho zetu hazina siku ya kuanza;
Mungu alivikuta, akavipanga.
Kabla ya dunia tulikaa baraza, tukaulizwa,
tukashangilia kuja huku, na maumivu yake tukiyajua.
Ndugu yetu mmoja akaleta mpango mwingine,
asipotee hata mtu mmoja, apende asipende.
Akakataliwa.
Nikauliza: mpango wake ulikuwa na kinga?
Kijana akafikiri sana, jasho likimtiririka shingoni.
"Ulikuwa kinga tupu, baba. Mtambo haukuwamo."
Kisha akasema, taratibu, kama anayetoa siri ya nyumbani kwao,
kwamba Mungu anatutazama, na analia.

Usiku ule nilimpenda Mungu wa Ilunga.
Fundi mwenzangu! Chuma alikikuta,
kina ukaidi wake, kina kutu ya kabla yake.
Nilitaka nimshikie taa, nimpe spana.
Saa tisa nikaisikia sauti yangu mwenyewe
kituoni Chumbageni, mbele ya kaunta:
*Mtambo niliukuta hivyo hivyo, afande.
Una umri kunizidi.*
Nikageukia ukutani.
Udhuru huo naujua mshono wake, nimeushona mimi.

Basi nikabaki katikati.
Wa Padre ana spana zote, na hakukaza.
Wa kijana anakaza awezavyo, na analia.
Mimi pia nimelia. Nililia hadi mke wangu akahamia chumba cha watoto,
na tundu liko vile vile, linakula zamu tatu.

Siku ya arobaini Felista, mjane wake, alikuja.
Nilikuwa nimejiandaa kwa habari za Mungu:
nina jibu la kuumba, nina jibu la kuunda.
Hakukaa kitini.
"Boliti ziko wapi?"

Ziko chini ya kitanda, kwenye kopo la maziwa.
Akazimimina kiganjani, akazihesabu kama chenji ya duka.
Moja kichwa kimelika, spana inateleza.
"Hii itashika?"
"Sijui."
"Chukua spana," akasema.

Tukapita njia ya reli, yeye mbele,
harufu ya mkonge uliooza ikitupokea kabla ya watu.
Bati lilikuwa bado limeegemea ukuta wa karakana, niliona kwa mbali,
kuku wamelala juu yake.
Getini mlinzi akanyoosha kirungu,
akatutazama, akaitazama ngumi ya Felista iliyofumba,
akauliza:
nani amewaruhusu?